Prime95: ya bure na inapiga kazi kweli, ila laptopu yako itakoma

Kwa mnaouliza kama Prime95 inafaa, mi ninayo kwenye desktopu ya nyumbani na naikubali, ila kama unaidaunlodi ukiwaza hela za zawadi soma kwanza. Hii ndo programu ya GIMPS, mradi alouanzisha George Woltman mwaka 1996, watu wanaazimisha kompyuta zao kusaka namba tasa za Mersenne, yaani unachukua 2 unaipa kipeo fulani afu unatoa 1. Kipeo lazima nacho kiwe tasa, na hata kikiwa tasa bado haujapona: 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, na hiyo ni 23 mara 89, imekula kwako.

Utamu uko kwenye kupima kama namba ni tasa. Chukua 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 toa 1. Anza na 4, izidishe yenyewe kwa yenyewe toa 2 unapata 14, rudia unapata 194, gawa kwa 31 inabaki 8, rudia na hiyo 8 unapata 62, gawa kwa 31 inabaki 0. Hatua ni kipeo toa 2, kwahiyo hapa 3, na ukifika mwisho ukakuta sifuri basi ni tasa, hamna cha kubishana. Sasa rekodi ya namba tasa kubwa zaidi, ile ya Oktoba 2024 aloipata Luke Durant, kipeo chake ni 136,279,841, tarakimu 41,024,320, aisee hizo hatua ni zaidi ya milioni 136! Siku hizi programu inaanza na kipimo kingine kinachojikagua makosa njiani, hiki cha 4 na 14 wanakitumia kuthibitisha.

Mapungufu sasa. Muonekano ni wa kizamani, feni inapiga kelele usiku kucha na yuniti za umeme utaziona zinavyoyeyuka, namba moja inaweza kula siku au wiki kadhaa afu unaambiwa sio tasa. Zawadi ya kupata mpya ni dola 3,000, na Durant mwenyewe alitumia GPU (chipu za michoro zenye nguvu) za kukodi zilizotawanyika nchi kibao, we na kompyuta yako moja ni bahati nasibu tu.

Ambapo haina mpinzani ni kupima mashine. Nilinunua RAM ya mtumba, Windows inawaka vizuri tu, muuzaji anaapa ni nzima, nikaingia kwenye Torture Test, sehemu ya Prime95 ya kuibana mashine kwa mahesabu mazito, haikuchukua muda ikaanza kutema makosa, nikairudisha na picha ya skrini na jamaa akabadilisha bila maneno.

Nyota 4. Kwenye laptopu usiiwashe usiku kucha, na hata desktopu punguza idadi ya kori (viini vya prosesa) inazotumia, vinginevyo hata kufungua brauza utasubiri.