Gereji iliniambia breki zote zimekwisha: nilivyopata ukweli kabla ya kulipa

Gari yangu ni Toyota IST kama zile zilizojaa Dar, mbele ina breki za diski (pedi mbili hubana sahani ya chuma) na nyuma za dramu (shuu husukuma dramu kwa ndani). Niliipeleka kumwaga oili kabla ya safari ya Lushoto, kwenye gereji moja kubwa yenye lifti na chumba cha kusubiria chenye kiyoyozi. Breki sikuwa na malalamiko nazo. Usukani hautetemeki nikikanyaga, pedali haizami, na sijawahi kusikia mlio wa chuma. Oili haijamaliza hata kuchuruzika, kaka wa mapokezi akaja na karatasi.

“Dada, breki zimekwisha. Kwa milima ya Lushoto mimi nisingekuruhusu uondoke nayo.”

Karatasi ilisema hivi: diski mbili za mbele 220,000, pedi za mbele 70,000, shuu za nyuma 65,000, mafuta ya breki pamoja na ufundi 95,000. Jumla 450,000. Nikamuuliza pedi zimebaki milimita ngapi, akajibu “zimekwisha kabisa.” Nikauliza unene wa diski, akasema zina kutu na michirizi, hazifai kufungwa na pedi mpya. Nikaomba kuziona. Mteja haruhusiwi kuingia ndani, akasema, na tairi zimesharudishwa.

Hapo ndipo nilipopata shaka. Sheria ya kutoingia ndani naielewa, ni usalama, ila fundi ana simu na simu ina kamera. Nikalipa oili, nikaichukua gari. Pale nje nikainama kuangalia tairi za nyuma. IST yangu ina rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki, na kwetu barabara ni ya vumbi, mvua ikinyesha ni tope. Tope lile lilikuwa limekauka likaziba mwanya kati ya kifuniko na rimu, mzima mzima, halijapasuka popote. Ukitaka kutoa tairi lazima kifuniko kitoke kwanza, kwa hiyo tairi za nyuma hazikuguswa. Shuu ziko ndani ya dramu. Bila kuvua tairi na dramu, au angalau kuchungulia kwenye tundu la nyuma kwa tochi kama lipo, huwezi kujua zimebaki kiasi gani. Walizipangia bei bila hata kuzifungua.

Kwa haki yao niseme pia: za mbele inawezekana waliziona. Gari ikiwa juu ya lifti, fundi mzoefu anaweza kuchungulia pedi kwa tochi bila kufungua kitu.

Jirani akaniambia nisihangaike, nimwone kijana anayefanya kazi chini ya mwembe karibu na kwetu. Kijana akabandua kifuniko cha mbele, akachungulia kwenye matundu ya rimu, akacheka. “Pedi bado nene hizi dada, walitaka kukupiga. Wewe nenda zako Lushoto.” Hela hakutaka.

Maneno hayo ndiyo niliyotamani kuyasikia, na ningeyafuata ningekuwa nimejiweka hatarini. Kwenye matundu ya rimu unaona pedi ya nje tu. Kila tairi la mbele lina pedi mbili, ya nje na ya ndani, na ya ndani ndiyo mara nyingi inayowahi kuisha kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za aina hii zinazoteleza juu ya pini. Kwa hiyo nikawa na majibu mawili yanayopingana na hakuna aliyepima kitu.

Gereji ya tatu iko Tabata, hapa hapa Dar, ndiyo ninayoiandikia hasa maoni haya. Ni uwanja wa mchanga wenye paa la bati, fundi mkuu ni mzee. Nikamsalimia, nikamwambia sitaki kujua nani mwongo, nataka namba. Akaniitikia marahaba, akaagiza gari ipigwe jeki na tairi zote nne zitolewe, nami nikiwa nimesimama pembeni.

Kulia mbele alitoa pedi zote mbili akaziweka kwenye kiganja changu. Ya nje ilikuwa na milimita 6 za ile sehemu inayoliwa, ya ndani 2 na nusu. Pedi mpya huwa na kama milimita 10 hadi 12, na mafundi wengi hubadilisha zikifika 3. Kushoto zote mbili zilikuwa na 5. Mbona upande mmoja umeliwa hivyo? Mzee akashika kalipa ya kulia akaniambia niisukume. Haikusogea. Pini yake moja ilikuwa imekauka grisi na kushika kutu, kwa hiyo kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Ukifunga pedi mpya bila kuishughulikia pini, ya ndani italiwa tena vilevile. Kwenye karatasi ya 450,000 neno pini halikuwemo.

Diski ndiyo ilinifurahisha zaidi, maana nilijifunza kitu ambacho kila mwenye gari anaweza kukiangalia mwenyewe. Mzee alisugua kwa brashi ya waya akanionyesha maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe: MIN na namba. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa, ukishuka hapo diski inatupwa hata kama inang'aa. Tofauti ya diski mpya na ile ya mwisho ni ndogo, kwa gari nyingi ndogo ni kama milimita 2 tu, ndiyo maana huwezi kuikisia kwa jicho. Akapima kwa venia, kifaa cha kupimia unene, sehemu mbalimbali kuzunguka diski. Zote zilikuwa juu ya namba ile kwa zaidi ya milimita moja, na hazikutofautiana. Kutu waliyoisema ni ile nyekundu ya juu juu inayoshika gari yoyote ikilala nje mvua ikinyesha, hasa huku pwani. Ukikanyaga breki mara chache inafutika. Michirizi ilikuwepo, lakini akaniambia nipitishe ukucha, na haukukwama. Kama diski ingekuwa na ufa, au chini ya namba, au usukani ungekuwa unatetemeka nikikanyaga breki kwenye mwendo mkubwa, hapo maneno yangekuwa mengine.

Shuu za nyuma: milimita 3. Kikomo ni 1. Zikarudishwa.

Mafuta ya breki, hapo gereji ya kwanza ilikuwa sahihi na nataka wapewe haki yao. Tangu niinunue gari sina kumbukumbu ya kuyabadilisha. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya yanachemka mapema: DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikilowa kiwango hushuka hadi 140. Ukiteremka mlima mguu ukiwa kwenye breki muda wote, joto linapanda, mafuta yanatoa mvuke, pedali inazama. Nikakubali yabadilishwe.

Jambo jingine dogo la kuangalia. Kabla ya kusukuma pistoni ya kalipa kuingiza pedi mpya, mzee alinyonya mafuta kidogo kwenye chupa ya mafuta ya breki kwa bomba la sindano. Pedi zikiisha, mafuta yanashuka yenyewe kwenye chupa. Aliyekuwa akiongeza bila kukagua pedi, siku ya pedi mpya yatamwagika. Kwa hiyo fundi akikwambia mafuta yamepungua, muulize kwanza pedi zikoje kabla hajakuuzia masta silinda, yaani pampu ya breki. Bila shaka anaweza kukuta kweli kuna sehemu inavuja, basi akuonyeshe palipolowa.

Pedi nilikwenda kununua mwenyewe Gerezani kwenye maduka ya vipuri, seti ya tairi zote mbili za mbele kwa 60,000 na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hazibadilishwi upande mmoja, gari itavuta. Mafuta 15,000, ufundi pamoja na kusafisha na kupaka grisi pini zote 40,000. Jumla 115,000. Tukatoka naye kuijaribu, akanitaka siku za mwanzo nisikanyage kwa ghafla bila sababu mpaka pedi zikae vizuri na diski.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeinyima kwa sababu risiti ya ufundi ilikuwa ya mkono mpaka nilipodai ya mashine, vipimo niliviandika mwenyewe kwenye simu, na mwanamke hana pa kukaa wala choo cha maana. Mzee huyo akiajiri kijana wa kuandika vipimo kwenye karatasi, gereji kubwa zitapata shida naye.

Lushoto tulikwenda. Kuteremka hadi Mombo nilitumia gia ndogo, breki naigusa na kuiachia, pedali ikabaki ngumu mpaka chini.

Gereji ya kwanza niliwatumia picha za pedi, diski na namba ya MIN, nikauliza shuu walizionaje. Wakajibu karatasi ile ilikuwa mapendekezo tu, na kwamba nikirudi nitapata punguzo. Swali la shuu hawakulijibu. Oili walibadilisha vizuri na sina neno nayo, ila breki nitazirudisha Tabata, pini zikaguliwe tena pamoja na shuu zile za milimita 3.