Ofisi ya tafsiri ya Ngamiani: simu nne kwa ajili ya vitenzi

Nimesikia watu wakilalamikia bei ya ofisi hii iliyoko juu ya duka la madaftari, Ngamiani, Tanga. Mimi nililipa shilingi 15,000 kwa ukurasa, kurasa 14, jumla 210,000. Ningelipa tena. Kuna jambo moja lililoniudhi, nitalifikia.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Mdogo wangu anayeishi Toronto akaandika maisha yake kwa Kiingereza ili wajukuu waliozaliwa huko wayasome. Sisi wa nyumbani tukataka yasomwe kwa Kiswahili kwenye ibada ya kumbukumbu, Handeni, mbele ya shangazi zetu na wazee waliofanya naye kazi alipokuwa katibu wa kijiji cha ujamaa. Nikaambiwa kazi ni ya siku tano.

Siku ya pili simu ikaita. Mtafsiri ni mwalimu mstaafu, anaongea taratibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nipo ukurasa wa tisa. Baba yako aliuacha ujamaa, aliukana, au aliuasi?"

Nikamwambia aandike lolote, maana ni yale yale. Akanyamaza, kisha akasema, "Kesho ukipata nafasi, njoo tuketi."

Nilikwenda nikakuta amechora mistari kwenye karatasi. Akaniambia kukana kunataka mdomo na shahidi. Petro aliambiwa, "kabla ya kuwika jogoo, utanikana mara tatu," na aliulizwa na watu, akajibu mbele yao. Je, baba yako aliwahi kusimama popote akasema yeye na ujamaa basi? Nikasema hapana. Kuasi nako kunataka mkubwa unayemgeukia, ndiyo maana askari huasi na mtoto huasi. Baba yako alimgomea nani? Hakuna. Basi inabaki kuacha, lakini kuacha ni kwa mtu aliyeamua siku fulani, kama anayeacha sigara. Aliamua lini?

Hapo nikashindwa kumjibu, nikaanza kusimulia. Baba alikuwa na Azimio la Arusha la 1967 kwenye kijitabu kilichochakaa pembe zote. Aliamini masharti ya uongozi kama wengine wanavyoamini amri kumi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alitumwa kuwahamisha watu waliokuwa na migomba na makaburi ya wazee wao pale pale walipokuwa. Alikwenda. Tangu hapo mama alisema halali vizuri. Lakini aliendelea na ukatibu, na akija mgeni wa chama alisema vile vile kama zamani. Mwaka 1991 chama kilipokutana Zanzibar na kuyalegeza yale masharti, alizima redio akaenda kupalilia. Hakusema neno.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa chini. Akaandika: "Imani ilimtoka kidogo kidogo." Akanionyesha kwamba katika sentensi hiyo baba hatendi kitu. Imani ndiyo inayoondoka, yeye amebaki amekaa. Mimi ni fundi cherehani, nikamwelewa kwa njia yangu: kuna kuchana nguo, kuna kufumua mshono, na kuna nguo inayochakaa mwilini mwako bila mkono wa mtu. Mdogo wangu kwa Kiingereza alitumia neno moja la kuchana.

Simu ya pili ilihusu baba mdogo. Alioa Pangani mwaka 1969 na mdogo wangu ameandika kwamba aliitupa dini ya wazazi. Mwalimu akauliza, "Watoto wake watakuwepo ibadani?" Watakuwepo, wote sita, na mama yao. "Basi alisilimu." Sikuwahi kufikiria kwamba tendo moja la mtu mmoja lina kitenzi cha waliompokea na kitenzi cha waliobaki nyuma. Akaniongezea kwamba na upande wa pili hali ni hiyo hiyo: Mwislamu akitoka, jirani Mkristo atasema ameokoka, nyumbani kwao watasema ameritadi, na hilo la pili ni neno la hukumu, halisomwi mbele ya ndugu kama huna nia ya kuvunja undugu. Ukitaka kukaa katikati, unasema alibadili dini. Lakini kwa baba mdogo hakutaka hata hilo la katikati. Alisema mtu aliyekufa Mwislamu mwema asisomewe kama msafiri aliyebadili basi. Shangazi yangu mkubwa, Mwanglikana wa Magila tangu kubatizwa, alitikisa kichwa kukubali sentensi hiyo iliposomwa.

Ya tatu ilikuwa fupi. Baba aliwahi kuifunga kadi ya chama kwenye bahasha airudishe, halafu hakwenda. "Alighairi," akasema Mwalimu, "kwa sababu kughairi ni kwa nia, tendo lenyewe bado." Kadi tuliikuta sandukuni, chini ya shuka.

Ya nne, iliyonirudisha ofisini kwake, ndiyo niliyoipenda zaidi. Alitaka kujua kama baba aliondolewa kwenye ukatibu au aliondoka mwenyewe. Aliondoka mwenyewe, mwaka 1986. Akacheka kwa furaha kabisa: "Basi aling'atuka!" Neno hilo Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki chake, na nchi nzima ikalizoea alipoacha urais mwaka 1985. Mwalimu alisema wazee wa Handeni watalisikia wakumbuke mwaka wenyewe. Tena, akasema, linatenganisha mambo mawili ambayo mdogo wangu ameyachanganya: mtu anaweza kung'atuka kwenye kiti na imani akabaki nayo, na anaweza kubaki kitini wakati imani imeshamtoka. Baba alifanya hilo la pili kwa miaka kumi na miwili. Nililia pale ofisini, na hakuniharakisha.

Sasa lililoniudhi. Siku tano ziligeuka kumi na mbili, na hakuna aliyenipigia kuniambia kazi imechelewa. Simu zote zilikuwa za vitenzi. Na uchapaji anaufanya kijana mwingine, ambaye alikula kibainishi cha "aling'atuka" mara zote tatu, ikatoka "alingatuka". Kazi iliyopimwa namna ile haistahili kuharibiwa na kidole kimoja. Nilipolalamika walinirudishia shilingi 20,000, lakini muda wa kuchapa upya haukuwepo.

Ukienda, nenda asubuhi, na usimpe kijana, mpe Mwalimu mwenyewe. Jiandae kuulizwa mambo ya nyumbani kwenu. Omba akusomee kwa sauti kabla ya kuchapa, na uangalie vibainishi vyote.

Nakala zilikuwa sitini. Usiku wa kuamkia ibada tuliketi mimi na binti yangu, yeye anafungua kurasa, mimi natia vibainishi kwa kalamu nyeusi.