Zeolaiti ya asili kwenye tangi la samaki na banda la kuku, uzoefu wangu

Nimeitumia zeolaiti, jiwe linalonasa amonia (ile sumu yenye harufu kali inayotokana na uchafu wa samaki na kuku), muda sasa, nilianza na tangi la samaki baadae nikaipeleka na kwenye banda la kuku, na kwa kuwa kila nikiitaja kuna mtu anauliza kama kweli inafanya kazi au ni maneno ya wauzaji tu, ngoja niseme nilichokiona. Inafanya kazi, tena vizuri sana, ila ina kazi yake maalum na ukiitegemea kwa kila kitu utalia hela yako.

Ya kwangu ni klinoptilolaiti, aina mojawapo ya zeolaiti, chembe za milimita 3 hadi 5, kijivu kinachoelekea kijani. Ni jiwe la kuchimbwa kabisa, si ile ya kutengenezwa kiwandani (ambayo ipo pia, ndo wanaiweka kwenye sabuni za unga kulainisha maji). Volkano ikilipuka majivu yanatua chini, mengine yanaangukia ziwani, alafu kwa maelfu ya miaka maji yanapenya taratibu, hasa yakiwa na magadi, yanayageuza yale majivu kuwa fuwele zenye vitundu vidogo mno ambavyo hata hadubini ya kawaida haivioni. Fuwele zenyewe zina chaji hasi kwa hiyo zimeshikilia sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na amonia ya kwenye maji ikipita jiwe linaachia sodiamu linaikamata amonia. Yaani ni kubadilishana, na ukishalielewa hilo utajua lini ikusaidie na lini itakuumiza.

Kwenye samaki sasa. Tangi langu ni la maji baridi, yasiyo na chumvi, na lina samaki wengi kwa ukubwa wake, kwahiyo nilikua naona wanapanda juu kuvuta hewa, mashavu mekundu, kipimo cha amonia kinageuka kijani badala ya kubaki njano. Nikasuuza chembe (suuza sanaa, maji ya kwanza yalitoka kama maziwa), nikazitia kwenye mfuko wa wavu nikauweka ndani ya filta pale maji yanapopita kwa nguvu. Kipimo kikarudi njano na samaki wakashuka chini kula kama kawaida. Ukiutupa tu mfuko kwenye kona ya tangi hautaona hayo, lazima maji yapite katikati ya chembe.

Ila hapa naomba usome polepole. Usiweke chumvi kwenye tangi wakati zeolaiti imo!! Wengi tunatumia chumvi kutibu samaki wenye vidonda au fangasi, sasa sodiamu ikizidi kwenye maji yale mabadilishano yanarudi kinyume, jiwe linachukua sodiamu linatema amonia lote lililokusanya, na samaki mgonjwa ndo anaipokea. Toa mfuko kwanza ndo utibu. Na sababu ni hiyohiyo inayofanya isifae kukamata amonia kwenye tangi la maji ya bahari. Uzuri ni kwamba tabia hiyo inakusaidia kuisafisha, ikishajaa unailoweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha, unamwaga, unasuuza mpaka chumvi iishe, inarudi kazini. Nguvu inapungua kidogo kidogo kila ukirudia lakini inadumu. Kwenye tangi jipya kabisa mimi siiweki mapema, maana bakteria wanaokula amonia wanahitaji chakula ili waongezeke, ukiwanyang'anya watachelewa.

Kuku nao. Nanyunyiza chembe ndogo juu ya maranda, zaidi chini ya vyombo vya maji ambapo panalowa, na ile harufu ya amonia inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi imepungua kiasi kwamba naingia bila kugeuza uso. Haijaisha, imepungua. Maranda yakiwa chapachapa hakuna jiwe litakalokuokoa, badilisha maranda. Yakitoka bandani na mbolea yanaenda shambani, na huko zeolaiti inaendelea kuishika ile naitrojeni (chakula cha mimea kilichomo kwenye amonia) na kuiachia mizizi taratibu badala ya mvua kuifagia. Ile uliyoilowekea chumvi usiipeleke kwenye mimea, itajaza sodiamu kwenye udongo.

Kinachonikera ni matangazo. Ni kweli baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 klinoptilolaiti ilitumika kunasa siziamu yenye mionzi, na kwenye kinu cha Fukushima, Japani, baada ya ajali ya 2011 zeolaiti ilitumika pia, lakini kuna muuzaji mmoja alinihakikishia eti kwa hiyo ukinywa unga wake utatoa sumu zote mwilini na kutibu saratani. Maji machafu ya kinu cha nyuklia si tumbo la mtu jamani. Mgonjwa akiacha dawa zake kwa ajili ya hayo maneno nani atajibu?

Alafu sio kila zeolaiti ni salama. Za asili zinazojulikana ni zaidi ya 40, na mojawapo, erionaiti, ina nyuzi nyembamba zinazoingia mapafuni. Kule Cappadocia, Uturuki, kuna vijiji ambavyo watu wengi walikufa kwa saratani ya utando wa mapafu kwa sababu erionaiti ilikuwemo kwenye mawe ya eneo lao, hata yale ya kujengea nyumba. Kwahiyo pakiti iliyoandikwa "zeolaiti" tupu bila jina la madini siichukui, hata ikiwa bei rahisi, na hata hii klinoptilolaiti naimimina nikiwa nimevaa barakoa maana vumbi la mawe ni vumbi la mawe.

Ninayonunua sasa imeandikwa madini, asilimia yake na saizi ya chembe. Chembe kubwa zinaenda kwenye filta, ndogo bandani, na ungaunga unaobaki chini ya mfuko naulowesha kidogo usipeperuke nachanganya na udongo wa vyungu vya maua.