Maranda, Pumba za Mpunga au Mchanga wa Mto? Tathmini ya Matandazo ya Uwanja wa Kuku Baada ya Masika Mbili

Nafuga kuku chotara 44 mjini Morogoro, katika banda la bati lenye uwanja wa wazi wa mita 6 kwa 5 uliozungushiwa wavu. Banda lenyewe halijanisumbua sana. Uwanja ndio ulionitesa. Kuku wakiachiwa ardhi tupu huiparura mpaka mizizi ya mwisho ya majani iishe, kisha kiangazi hubaki vumbi na masika hubaki tope. Katika masika mbili zilizopita nimejaribu matandazo matatu yanayopatikana hapa mjini kwa urahisi, yaani maranda, pumba za mpunga na mchanga wa mto, na kigezo nilichotumia ni hali ya kila tandazo siku ya pili baada ya mvua kubwa, kwa kuwa siku linapomwagwa likiwa kavu kila tandazo huonekana zuri.

Nilianza na maranda, kwa sababu ndiyo yanayosifiwa na wafugaji wengi. Ndani ya banda wanayasifu kwa haki: hunyonya majimaji ya kinyesi, ni laini miguuni, na vifaranga hulala wakiwa na joto. Nimeyatandaza humo kwa kina cha sentimita 10, nayageuza kwa reki mara mbili kwa wiki, na kila asubuhi naondoa yaliyolowa chini ya vinyweo. Kosa langu lilikuwa kuyamwaga nje. Mwezi Aprili, baada ya mvua za siku kadhaa mfululizo, juu yalionekana kuanza kukauka, lakini nilipoingiza beleshi niliinua kipande kizima kilichogandamana kama mkate, cheusi upande wa chini, chenye harufu ya amonia iliyonifanya nigeuze uso. Niliyazoa yote nikayapeleka kwenye shimo la mboji, nami siwezi kumshauri mtu ayatumie mahali pasipo na paa.

Kuhusu ununuzi wa maranda kuna jambo linalonikera hadi leo. Muuzaji mmoja aliniletea viroba vilivyojazwa maranda makavu juu tu, huku katikati yakiwa yameota ukungu wa kijivu. Vimelea vya ukungu huo kuku wakivivuta huwaharibu mapafu, na vifaranga ndio hufa kwanza. Tangu siku hiyo sipokei kiroba kabla ya kukifungua na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikitafuta ubaridi wa unyevu na harufu ya uvundo. Namuuliza pia seremala kama mbao alizoranda zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwani dawa hizo hazifai kabisa mahali ambapo kuku wanadonoa. Unga wa mbao siununui kwa bei yoyote. Vifaranga huula wakidhani ni chakula, ukawajaa kwenye gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni.

Pumba za mpunga zina faida ya bei. Nazungumzia yale maganda magumu, si pumba laini za kulishia mifugo. Mashineni nilipewa bure, nikalipia guta la kuzileta tu. Hazinyonyi maji mengi, lakini hukauka haraka na hazigandamani upesi kama maranda. Nje zilidumu wiki tatu: upepo ulizisukuma upande mmoja wa wavu, mvua ikaelea nazo mpaka kwa jirani. Ndani ya banda nazichanganya na maranda nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo naupenda kuliko maranda matupu.

Mchanga wa mto ndio uliobaki uwanjani. Nilileta tripu kadhaa za kirikuu, nikautandaza kwa kina cha takriban sentimita 12 baada ya kuinua udongo wa katikati ili maji yateremke kuelekea pembeni. Mvua ikinyesha usiku, saa nne asubuhi naweza kuingia na viatu vyangu vya kazini. Kinyesi hukauka juu ya mchanga na kubaki kama vidonge ambavyo reki huvikusanya, na kuku wenyewe huchimba vishimo na kuoga humo, jambo linalowasaidia kupunguza utitiri. Kasoro yake ni joto: saa saba mchana huwaka, hivyo pasipo kivuli cha mti au cha turubai kuku hawatoki bandani.

Lakini si kila mchanga ni mchanga. Ulio na udongo mwingi ukilowa hugeuka tope lilelile ulilolikimbia. Kipimo changu ni chupa ya maji: natia mchanga nusu, naongeza maji, natikisa, kisha naiacha mpaka kesho yake. Tabaka jembamba la udongo juu ya mchanga halina tatizo, ila likifikia unene wa kidole namrudisha muuzaji na mzigo wake.

Tandazo lolote halitamfaa mfugaji asiyeshughulikia kwanza maji ya paa. Mwaka wa kwanza bati langu lilimwaga maji yake yote katikati ya uwanja, nami nikailaumu mvua. Gata moja na mfereji mfupi vilisaidia kuliko viroba vyote nilivyonunua.

Kuhusu matunzo, nasisitiza reki ya kila siku. Vijiyai vya koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, vinavyotoka na kinyesi vikipata joto, unyevu na hewa huiva ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo vinapoweza kumwambukiza kuku mwingine na kumletea kuhara damu. Anayesubiri Jumamosi ndipo asafishe amekwisha kuchelewa. Kwa matandazo ya ndani nakamata konzi moja na kuibana: yakibaki donge hata nikifungua kiganja, yamelowa kupita kiasi. Kisha nachuchumaa mpaka kimo cha kuku na kuvuta pumzi, maana amonia huwachoma wao macho kabla mimi niliyesimama sijaisikia.

Ukoka nilioupanda uliliwa wote. Uliosalia ni ule ulio chini ya fremu ya mbao iliyofunikwa wavu, iliyoinuka sentimita 10 kutoka ardhini. Kuku hudonoa ncha zinazochomoza lakini hawaifikii mizizi. Mchanga nao umepungua karibu na mlango, wanapokanyaga zaidi, na nitauongezea ndoo nane kabla ya vuli kuanza mwezi Oktoba.