Vitanda Viwili vya Mtoto, Kisumu: Kimoja cha Mtumba, Kimoja cha Fundi wa Kibuye

Katika miezi tisa iliyopita nimenunua vitanda viwili vya mtoto hapa Kisumu, na cha kwanza hakikulaliwa hata usiku mmoja. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wanaotafuta kitanda cha aina hiyo mjini, kwa sababu mimi nilipokuwa nikitafuta nilielezwa mengi kuhusu bei na rangi, lakini sikumpata wa kunieleza kuhusu nafasi kati ya fito, wala skrubu, wala kitanda chenyewe kimetoka wapi.

Kitanda cha kwanza nilikiona katika duka la mitumba ya watoto ambalo sitalitaja jina. Kilipendeza macho: mbao za rangi ya kahawia, magurudumu madogo chini, na ubavu mmoja ambao muuzaji aliuinua kidogo, akausukuma kwa goti, ukateremka taratibu hadi nusu. "Mama, hapa mgongo wako umepona," aliniambia. "Unamchukua mtoto bila kuinama." Nilikuwa na mimba ya miezi saba na mgongo ulikuwa ukiniuma kweli, kwa hiyo maneno hayo yaliniingia. Nililipa shilingi 9,500, nikakodi tuktuk, tukakifunga kwa kamba nyuma hadi mtaani kwetu, Migosi.

Jioni hiyo mume wangu alitoa bisibisi ili akaze skrubu, jambo ambalo alilichukulia kuwa la dakika tano. Kwenye pembe ya chini ya ubavu ule unaoshuka alikuta kipande cha plastiki kinachoushika kimepata ufa mwembamba kama unywele. Pembe ya pili haikuwa na bolti yake ya asili. Mtu alikuwa ametia skrubu ya kawaida ya mbao, fupi, ambayo ilizunguka tu ndani ya tundu bila kung'ata. Aliusukuma ubavu kwa kiganja, si kwa nguvu, kama atakavyouegemea mtoto wa miezi minane, na pembe ya chini ikachomoka. Ubavu haukuanguka. Ulibaki umening'inia upande mmoja, na kati yake na godoro pakafunguka mwanya ambao ngumi yake iliingia yote.

Mwanya huo ndio kiini cha habari yote hii, na ndio uliowafanya Wamarekani wavipige marufuku vitanda vya ubavu unaoshuka. Ubavu uliotulia hushikwa na kiungo cha mbao au bolti inayopenya nguzo, lakini ubavu unaoteremka hutegemea vipande vidogo vya plastiki na reli mbili, na kila kitanda kinapofunguliwa na kufungwa tena, kwa kuhama nyumba au kwa kupewa ndugu, skrubu hula mbao na tundu hupanuka. Pembe moja ikichomoka, mwanya huo huwa na umbo la herufi V, na mtoto anayejifunza kugeuka hubingirika hadi pale, mwili ukazama, shingo au kifua kikabanwa. Hakuna kishindo, na mara nyingi hakuna hata kilio kinachosikika chumba cha pili. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ilihusisha mbavu za namna hiyo na vifo visivyopungua 32 vya watoto wachanga tangu mwaka 2000. Mwaka 2007 vitanda takriban milioni moja vya kampuni ya Simplicity viliitwa virudishwe, na Novemba 2009 vikafuata zaidi ya milioni 2.1 vya Stork Craft vilivyokuwa vimeuzwa Marekani na Kanada. Hatimaye, Desemba 2010, Tume ilipiga kura, na kuanzia tarehe 28 Juni 2011 ikawa ni kosa kutengeneza au kuuza kitanda cha ubavu unaoshuka nchini humo, kiwe kipya au kilichotumika. Hoteli na vituo vya kulelea watoto vilipewa hadi tarehe 28 Desemba 2012 kuviondoa.

Chini ya kitanda changu palikuwa na karatasi iliyobanduka nusu, yenye mwaka 2008, namba ya modeli na anwani ya msambazaji wa Marekani. Niliiandika namba hiyo kwenye tovuti ya Tume na tangazo la kurudishwa kwa modeli hiyo likatokea pale pale, pamoja na maelekezo kwamba mwenye kitanda apige simu atumiwe bure kifaa cha kuufunga ubavu usishuke tena. Namba hiyo ya simu ni ya bure kwa aliyeko Marekani. Kwa mtu wa Migosi haina kazi, na hata ingekuwa nayo, sidhani kama mtengenezaji angetuma kifurushi hadi Kisumu kwa kitanda kilichotimiza umri wa kwenda sekondari.

Nisieleweke kwamba kwao matangazo humfikia kila mtu. Mei 1998, katika mji wa Chicago, mtoto wa miezi 16 aitwaye Danny Keysar alifariki kwa mlezi wake baada ya kitanda cha kukunja alichokuwa amelazwa kumkunjia shingo. Kitanda hicho kilikuwa kimetangazwa kurudishwa mwaka 1993, miaka mitano kabla, na mlezi hakujua. Wazazi wake walianzisha Kids In Danger, shirika la kutetea usalama wa vifaa vya watoto, na sehemu ya sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inayowataka watengenezaji waambatishe kadi ya usajili kwenye vifaa vya watoto, ili mnunuzi atafutwe mwenyewe kasoro inapogundulika, hubeba jina la mtoto huyo. Sasa jiulize kadi hiyo inamfikiaje mnunuzi wa tatu au wa nne, aliyekipata kitanda kwenye marobota.

Nilirudi dukani na picha kwenye simu. Muuzaji, ambaye kwa haki nasema hakuwa mkali, alinionyesha mhuri nyuma ya risiti uliosema kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, kisha akajitolea kunibadilishia kwa kigari cha kusukuma mtoto. Nilimtajia Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulindwa afya na usalama wake, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Alisikiliza kwa adabu. Nilipomuuliza angekifanyia nini kitanda kile kikirudi, akajibu bila kusita: "Si atakuja mwingine, mama." Hapo nikaacha kudai. Kumrudishia kungekuwa kumwekea mwenzangu mtego, kwa hiyo tulikikata kwa msumeno nyumbani, na fito zake sasa zimeshikilia mashina ya nyanya ya jirani. Shilingi 9,500 zimekwenda. Duka hilo, kwa vitanda, silipendekezi kwa mtu. Nguo zake za watoto ni nzuri.

Vitanda vipya vya kukunja, vyenye pande za wavu, nilivitazama harakaharaka katika duka kubwa la mjini. Kimoja kilikuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na nilituma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, nikajibiwa jina la kampuni na la bidhaa. Huduma hiyo ni nyepesi na watu wengi hawaitumii. Nilichokataa ni godoro nene la sponji ambalo mhudumu alinisihi niongeze juu ya lile jembamba la kiwandani. Katika vitanda vya wavu, godoro la kuongeza huleta mwanya pembeni na humsogeza mtoto karibu na ukingo wa juu. Isitoshe, bei ilikuwa shilingi 18,000.

Basi nikaenda soko la Kibuye, kwa mafundi wanaopanga makochi na vitanda vyao kando ya barabara, vumbi la msasa likiwaka kwenye jua. Fundi niliyempata ni kijana mtulivu anayefanya kazi na mjomba wake. Nilimpa mchoro na vipimo: pande zote nne zisizoshuka, nguzo za pembeni zisizopita ukingo wa juu ili kamba au kola ya nguo isinase, na nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha Marekani tangu miaka ya 1970, na sababu yake haipendezi kuielezea: mwili wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko kichwa chake, hivyo hupenya kwa miguu, kisha kichwa kikakwama. Wengine hushauri kupima kwa kopo la soda, kwamba likipita, nafasi ni kubwa mno. Ushauri huo ni mzuri kwa makopo manene ya zamani. Haya membamba ya siku hizi yanaweza kupita hata penye nafasi halali. Tumia rula.

Vitanda vya mfano alivyokuwa navyo fundi vilikuwa na nafasi ya sentimita 9, na kimoja sentimita 11. Alishangaa. "Mama, hiyo utakula fito nyingi," akasema, na kweli bei ilipanda kutoka 11,000 hadi 13,500. Lakini alipoelewa sababu, alikata kipande cha mbao cha sentimita 5 na nusu, akawa anakiweka kati ya kila fito mbili kabla ya kugongomea, na kipande hicho nilikikuta bado kimening'inia ukutani kwa uzi nilipopita mwezi uliopita. Kila ufito una ulimi wake ulioingizwa kwenye tundu na kutiwa gundi. Hakuna hata mmoja uliopigiliwa msumari kwa juu. Kwa kazi hiyo ya viungo nampa sifa kamili.

Lawama zangu kwake ni hizi. Alichelewa siku tisa, na kila nilipopiga simu kitanda kilikuwa "kimebaki vanishi tu". Vanishi yenyewe ilinuka karibu wiki mbili, tukakiacha barazani hadi harufu ikaisha. Tena alikipima kwa macho, si kwa godoro, na godoro nililokuwa nimeshanunua likaacha nafasi ya vidole vitatu upande wa miguu, ilhali visipite viwili. Alipendekeza niizibe kwa shuka iliyokunjwa, nami nikakataa, kwa kuwa kitambaa kilichosokotwa pembeni ni hatari nyingine. Muuzaji wa sponji, hatua chache kutoka hapo, alinikatia jipya kwa kisu chake kirefu, sponji ngumu isiyobonyea, kwa shilingi 2,200.

Ndani ya kitanda hamna mto, hamna blanketi zito, wala ile mito ya kuzungushia pembeni inayouzwa pamoja na shuka za vikaragosi, ambayo Marekani waliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2022. Mama mkwe hakuridhika. "Mwanangu, kichwa cha mtoto kitakuwa bapa," aliniambia siku ya kwanza, akiwa ameshika mto aliouletea mjukuu wake kutoka Vihiga. Tuliafikiana kwamba mtoto alazwe chali godoroni bila kitu, na mto ukae kwenye kiti ambapo bibi humpakata mchana.

Jambo moja ambalo maelekezo ya Wamarekani hayalijui ni chandarua. Ukanda huu wa ziwa huwezi kumlaza mtoto bila neti, na ile niliyopewa bure kliniki ya wajawazito ni pana kuliko kitanda mara tatu. Ikiachwa ilegee huangukia ndani, usoni. Fundi aliongeza bila malipo fremu nyepesi inayosimama sakafuni, nje ya kitanda, na neti hutandazwa juu yake, kisha pindo huchomekwa chini ya kitanda kwa nje ya fito, imekazwa. Wazo lilikuwa lake, si langu.

Mtoto sasa ana miezi sita na ameanza kujiinua kwa mikono. Hapo kasoro kubwa ya kitanda hiki imejitokeza: kitako chake kina kimo kimoja tu, ilhali mtoto akianza kukaa na kujivuta, godoro linapaswa kushuka ili asipindukie nje. Sikuliweka kwenye mchoro, na fundi hakuuliza. Amekubali kuja Jumamosi na keekee yake kukishusha kwa sentimita 20 kwa shilingi 800, na nimemwambia abebe bolti, asije na misumari.