mvn dependency:tree: amri iliyonionyesha jar mbili zikigombania jina moja

Ninaandika programu kwenye sacco moja hapa Kisumu, na amri hii ya Maven (chombo cha kujenga programu za Java), inayochora mti wa maktaba (jar) ambazo mradi unazitegemea, nimeitumia miaka mingi bila kuipa heshima yake. Heshima ilikuja Jumatatu moja tulipopandisha toleo jipya la mfumo wa mikopo. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye seva, mwanachama akiitisha taarifa ya akaunti, anapata ukurasa wa makosa. Logi ya Tomcat, seva inayoendesha programu yetu, ilisema NoSuchMethodError, na mbinu iliyokosekana ni ImmutableList.toImmutableList().

Mbinu hiyo imo ndani ya Guava, maktaba ya Java ya Google, tangu toleo la 21, na sisi tulikuwa na 31.1. Nikachungulia WEB-INF/lib, folda ya jar za programu: Guava hiyo hapo. Saa nne asubuhi meneja akasimama mlangoni. "Omera, wazee wamejaa kwenye benchi. Niwaambie nini?" Sikuwa na jibu.

Ndipo nikaandika:

mvn dependency:tree "-Dincludes=com.google.*"

Mti ukatoka mfupi. Tawi moja lina guava:31.1-jre. Tawi jingine, chini ya maktaba ya ripoti tuliyorithi kwa mkandarasi wa zamani, limebeba google-collections:1.0. Hiyo ndiyo Guava kabla haijaitwa Guava. Ina ImmutableList yenye jina lilelile kamili, ila ya kizamani, na mbinu tuliyoitaka haimo. Kwa vile jar zenyewe zina majina tofauti, Maven haioni ugomvi wowote. Inazifunga zote mbili kwenye WAR, kifurushi kinachopandishwa kwenye seva. Tomcat nayo, tangu toleo la 8, haipangi jar kwa alfabeti, huzisoma jinsi mfumo wa faili unavyozitoa. Laptopu ilikutana na Guava kwanza, seva ikakutana na ile nzee.

Nikaikata kwa <exclusion> kwenye pom.xml (faili inayoorodhesha maktaba za mradi), mvn clean package, nikapandisha tena. Ripoti nilizijaribu moja moja, maana maktaba ile sasa inategemea Guava, zikatoka. Kabla ya saa sita wazee walikuwa na karatasi zao mkononi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Bila -Dincludes, mti wa mradi mkubwa ni msitu. Ukiongeza -Dverbose, tafuta maneno "omitted for conflict with": hapo ndipo Maven imechagua toleo moja na kuacha jingine. Nyota ya tano imeikosa kwa sababu inajua tu kilichoandikwa kwenye pom. Jar ambayo mtu aliitupa kwa mkono kwenye folda ya lib ya Tomcat haitaiona kamwe. Kwa hiyo washa Java kwa -verbose:class, utafute jina la klasi. Utaona imetoka faili gani.

Pia haikuonyi. Iliniwekea jar mbili kwenye skrini, kuzitambua ikawa kazi ya macho yangu. Ndiyo maana nimeongeza sheria ya bannedDependencies ya maven-enforcer-plugin, inayogomesha build ikikuta maktaba iliyokatazwa, ili google-collections isipite tena. Mwezi uliopita kijana wetu wa attachment alileta maktaba mpya na build ikagoma palepale kwenye kompyuta yake. Nilimwambia aandike amri hiyo tu. Aliiona mwenyewe, mstari wa tatu.