Uhakiki wa Kitabu: Utoto wa Gerald Durrell Kisiwani Corfu

Gerald Durrell alikuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1935, mama yake mjane alipoihamisha familia kutoka Uingereza hadi Corfu, kisiwa cha Ugiriki. Maisha yao ya huko, yaliyokoma mwaka 1939 vita vilipokaribia, ndiyo anayoyasimulia katika My Family and Other Animals, kitabu kilichochapishwa mwaka 1956.

Nimekisoma mara mbili, na kila mara nimevutiwa na jicho la msimulizi kuliko vituko vyenyewe. Mtoto huyu hujilaza chini ya mizeituni akimfuatilia kobe au mdudu kwa saa nyingi, kisha hurudi nyumbani na kuwachunguza jamaa zake kwa makini yaleyale: Larry mwandishi, asiyeishiwa lawama, Leslie na bunduki zake, Margo na chunusi zake, na mama, anayewastahimili wote. Larry anapofungua kiberiti mezani ili awashe sigara, akatoka ng'e jike mwenye watoto mgongoni, nyumba nzima hupiga mayowe, ilhali Gerald anahofia usalama wa ng'e, si wa watu.

Sura ninazozipenda zaidi ni za Theodore Stephanides, daktari na mwanasayansi aliyezungumza na mtoto huyo kama msomi mwenzake. Gerald alipoona mashimo ya buibui yaliyofunikwa kwa vifuniko vyenye bawaba, alidhani amegundua jambo jipya. Theodore, ambaye tayari aliwafahamu buibui hao, hakumcheka, bali alikwenda naye kuyatazama, na baada ya siku mbili akampelekea hadubini ya mfukoni. Laiti kila mtoto mdadisi angempata mtu mzima wa namna hiyo.

Anayetafuta wasifu kamili ajihadhari, kwani Lawrence, ndiye Larry, wakati huo alikuwa na mke, Nancy, na kwa muda mrefu waliishi kwao wenyewe, lakini kitabuni Nancy hayumo kabisa. Naona pia kwamba Kiingereza kibovu cha Spiro, dereva mwaminifu wa familia, kimetumiwa mno kuchekesha.

Lugha ya kitabu imesheheni majina ya mimea na wadudu, nayo humtaka msomaji asiharakishe. Hata hivyo, pambano la usiku kati ya mjusi Geronimo na Cicely, vunjajungu mkubwa, lililoanzia darini na kumalizikia kitandani, linaeleweka hata pasipo kamusi.